Koneti Ndani ya Tangi

Jumapili, saa kumi na dakika ishirini jioni. Nimekaa kwenye ngazi za kwenda juu, daftari magotini, na mkutano wa wapangaji wa ploti umeisha sasa hivi. Wameamua Guka asipige tena koneti kule kwa matangi. Akipiga, ahame. Kila mtu alitoa maoni yake. Mimi nilikuwa nyuma, nimekalia mtungi wa maji karibu na kamba za nguo, na keyateka, msimamizi wa ploti, aliponitazama akauliza kama vijana wana neno, nilitazama viatu vyangu mpaka akaenda kwa mtu mwingine. Kwa hivyo neno langu naliandika hapa. Kalamu hainitazami usoni.

Guka si babu yangu. Ni mzee wa chumba cha mwisho juu kabisa, kile kinachopakana na matangi ya maji, na ploti yote ya hapa kwetu Gitothua, Ruiru, inamwita Guka wa Tangi. Jina lake halisi lipo. Cucu, mkewe, hulitumia akikasirika, lakini mimi si mkewe.

Kitu cha kwanza ambacho mtu anapaswa kujua ni kwamba koneti si tarumbeta. Mimi nilijifunza hilo nikiwa darasa la nne. Askari wa mlango wa supamaketi moja Ruiru alijifunza mbele yangu. Alifungua kasha la Guka, akaona kitu kifupi cha shaba kilichojikunja, akauliza kama hiyo tarumbeta ni ya mjukuu. Guka aliweka kikapu chini. Akamweleza kwamba tarumbeta ni askari wa gwaride, kifua mbele, anataka kila mtu amwone, lakini koneti ni mama aliyenyonyesha, sauti yake inatoka mahali pa joto. Akaonyesha tofauti kwa mdomo mtupu, kwanza tarumbeta, halafu koneti, halafu tena tarumbeta kwa sababu askari hakuwa ameshika vizuri. Foleni ilifika mpaka kwa bodaboda. Mwishowe askari akasema, "Sawa mzee, nimeelewa. Pita na tarumbeta yako."

Muziki wake ni jazi, ile inaitwa hard bop. Mimi nilikuwa nadhani jazi ni ule muziki wa kusubirishwa ukipigia benki simu. Guka alisema huo ni maji ya kusuuzia sufuria. Hard bop, kulingana na yeye, ni jazi iliyolelewa kanisani ikahamia mjini: bado inapiga makofi, bado inalia, lakini mpiga ngoma wake hana adabu.

Na yeye pia alilelewa kanisani, katika kanisa moja lenye sare na bendi. Huko ndiko alikopewa koneti, na huko ndiko alikonyang'anywa. Wimbo ulikuwa na beti nne. Bendi ilipofika ubeti wa tatu, yeye alikuwa mahali ambapo hata mwenye kuutunga wimbo hajawahi kufika. Mchungaji alimwita baada ya ibada akamuuliza alikuwa ameenda wapi. Guka akamjibu, "Nilikuwa njiani nakuja, lakini nilipitia kwa shangazi."

Hilo ndilo somo lake lote la solo, la kupiga peke yako, na nimelisikia mara nyingi kuliko amri kumi. Unatoka nyumbani. Unapitia kwa shangazi, unakunywa chai, unauliza habari za ng'ombe. Lakini kichwani unajua mlango wa kwenu unafungwa saa ngapi, na unarudi kabla haujafungwa. Mtu asiyepitia kwa shangazi ni karani. Mtu asiyerudi ni mlevi. Ukimuuliza kuhusu mpiga koneti yeyote, atakwambia kama ni karani au ni mlevi.

Baada ya kanisa alipiga Nairobi, kwenye hoteli, na bendi ya wanaume watano waliovaa suti za kitambaa kimoja. Meneja aliwaambia wageni wanakula, kwa hivyo wapige kama mvua ya mbali. Mpiga ngoma wao, kijana wa Thika wakati huo, akauliza kama mvua hiyo inaruhusiwa kuwa na radi. Waliruhusiwa radi moja, baada ya pudini. Guka anasema walipiga hoteli hiyo miaka mingi na radi yao ikawa inakuja mapema zaidi kila mwaka, mpaka siku moja ikaja na supu, wakafutwa.

Mara moja walipelekwa Ulaya kupiga kwenye tamasha. Watu walikaa kwenye giza, kimya kabisa, bila hata kutafuna. Guka alidhani kuna mtu amekufa na wao wamekosea ukumbi. Akapiga kama mtu aliyeitwa msibani. Wimbo ulipoisha wakasimama wote wakapiga makofi mpaka mpiga ngoma akaanza kuangalia mlango wa kutokea. Hajawahi kuniambia mji ulikuwa upi. Anachokumbuka ni kwamba kulikuwa na baridi na koneti ilikuwa inauma midomo kama barafu, na kwamba mkate wao una mbegu.

Bendi hiyo ilirekodi kaseti moja tu. Ipo juu ya kabati la Cucu, imefungwa kwa kitambaa. Nakala zingine zilipotea, na hii moja ina shida: mtoto wa Guka na Cucu, akiwa mdogo, alitaka kurekodi mpira kutoka kwa redio, akabonyeza kitufe katikati ya solo ya baba yake. Alishtuka akazima haraka. Kwa hivyo unamsikiliza Guka anatoka nyumbani, anapitia kwa shangazi, anaanza kurudi, na ghafla mtangazaji ananguruma, "Gooooool!" Kelele za uwanja, halafu, tap, Guka yuko tena, mlangoni.

Nimeisikia kaseti hiyo Jumapili nyingi nikimsaidia Cucu kuchagua njahi, yale maharagwe meusi. Cucu husema aliyefunga goli hilo ndiye aliyewaharibia maisha. Guka hukasirika, lakini si kwa goli. "Sikiliza vizuri," huniambia. "Limeingia kwa mdundo. Hata refa hangeweza kupanga." Na sasa akiupiga wimbo huo mwenyewe, akifika hapo hunyamaza. Huacha nafasi ya goli, sawasawa na kaseti, halafu huendelea. Wimbo umezoea hivyo, anasema.

Ukimtazama huwezi kusema ni mtu wa jazi. Havuti, hanywi, na baada ya habari za saa moja usiku amelala, hatambui mtu. Huvaa suti na viatu vya akala, vya matairi. Valvu, vile vitufe vya koneti, huzipaka mafuta ya cherehani. Hali githeri, mahindi na maharagwe, siku ya kupiga kwa sababu, anasema, ganda moja la hindi likibaki kwenye jino litasafiri, na likifika kwa valvu ya pili, noti ya B-flati utaisikia kwa redio. Ndani ya mdundo hajawahi kuchelewa hata kidogo, lakini Cucu alimngojea kanisani siku ya harusi yao mpaka mpishi akaanza kugawa chakula.

Na kitu ambacho kinanichekesha hata leo, ingawa si siku ya kucheka: Guka anachukia kelele. Anachukia spika za kanisa la mabati lililo nyuma yetu. Anachukia baa za Kamakis, ambako alienda mara moja kula nyama na akarudi na pamba masikioni. Kijana mmoja alipohamia hapa na spika ya subwufa, Guka ndiye aliyeenda mlango kwa mlango kutaka sheria ya ploti: hakuna kelele za vyombo. Sheria ilipita. Kijana alihama. Guka alikuwa na furaha hadi jioni, alipotoa koneti kwenye kasha na keyateka akagonga mlango wake.

Hapo ndipo tangi lilipoanzia. Walielewana kwamba hawezi kupiga chumbani, kwa sababu ya sheria yake mwenyewe, lakini akienda nje kwa matangi, afungue kifuniko cha lile kubwa na kuingiza mdomo mpana wa koneti ndani, sauti itamezwa. Keyateka alidhani amemweza. Ukweli ni kwamba tangi halimezi sauti. Linaipika.

Tangi likijaa, sauti hurudi fupi na kali, kama mtu amekohoa bafuni. Likifika nusu, inakaa kidogo kabla ya kutoka. Likikaribia kuisha, inazunguka kule ndani na kutoka nene, kama kwaya ya wanaume pangoni. Ploti nzima tuliisoma bila kufundishwa. Mama anaweza kuwa anakaanga vitunguu, asimamishe mwiko, asikilize, aniambie, "Mami, jaza mitungi, huyo yuko pangoni." Keyateka naye akisikia pango huenda kuwasha pampu. Angeweza kupanda juu afunue tangi aangalie kwa macho, lakini kwa nini apande ngazi zote hizo wakati kuna mzee wa kumpigia? Hakuna aliyewahi kusema asante. Wala hakuna aliyesema kwamba muziki ulikuwa mtamu zaidi maji yakiwa machache, kwa hivyo siku alizopiga vizuri kabisa ndizo watu walizomnunia zaidi.

Sasa mkutano wa leo. Jirani wa chini, yule anayeuza mayai na soseji za smoki stendi, ndiye aliyesimama kwanza. Hakuleta habari za kelele. Alisema Guka anatutemea ndani ya maji. Watu wakashika midomo. Guka akasimama, amevaa suti, akaeleza kwa heshima kwamba hakuna mate yanayotoka mbele ya koneti, kwamba kinachotoka ni jasho la pumzi, na halitoki mbele, linatoka kwa kitundu cha chini chenye kifuniko. Angeishia hapo angepona. Lakini Guka ni mtu wa kuonyesha. Akabonyeza kifuniko, akapuliza, na maji ya koneti yakamwagika sakafuni mbele ya wamama wote, mengi kuliko hata mimi nilivyotarajia.

"Mnaona?" akasema. "Chini. Si mbele."

Hawakupiga hata kura. Na keyateka, ambaye anapenda kumaliza mambo vizuri, akaongeza kwamba hata hivyo sheria ya kelele ipo, na tunajua aliyeileta.

Guka alikubali. Lakini Cucu alitoka nyuma yake ameshika mkononi kitambaa cha kichwa, kile cha mazishi, na ndipo nikakumbuka mpiga ngoma. Yule kijana wa Thika, wa radi, amekuwa mzee na amefariki. Anazikwa Jumamosi huko kwao Thika, na alikuwa amewaambia watoto wake anataka Guka apige wimbo wa kaseti kabla ya udongo. Midomo ya mpiga koneti ni kama mtoto wa kambo, Guka husema: isahau siku chache, nayo itakusahau mbele za watu. Akikaa wiki nzima bila kupiga, Jumamosi atasimama kaburini na kutoa upepo. Nilijua hayo yote nikiwa nimekalia mtungi. Nilikuwa nayo yote mdomoni.

Mama ananiita nioshe vyombo.

*

Leo ni Ijumaa. Wiki nzima sijaandika kwa sababu hakukuwa na cha kuandika, kulikuwa kimya tu. Jumatatu alijaribu kupiga ndani ya kabati la Cucu, kati ya nguo za kanisa, na kutoka chini ilisikika kama mbuzi ndani ya gunia. Cucu alimtoa. Jumanne alienda na kasha lake mpaka mtoni, akakuta wanaoosha pikipiki wamewasha muziki wao. Baada ya hapo nilimwona ameketi mlangoni tu, kipande cha kupulizia kimetolewa kwenye koneti, anakipuliza chenyewe polepole, bzz, bzz, kama nzi aliyefungiwa dirishani.

Jana jioni nilikuwa nimetoka shule, nanyoosha sare, niliposikia mtu akipiga kelele bafuni. Halafu mwingine. Maji yalikuwa yameisha bila kuaga. Hakuna aliyejaza mtungi hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyekuwa amesikia pango. Keyateka alitoka na taulo, kichwa chote povu, jicho moja limefungwa. Mwenye mayai alikuwa na beseni la sufuria zenye mafuta. Mama alikuwa ameloweka mablanketi. Walitazamana pale ngazini kama watu waliokutana kwa mganga, kila mmoja akijua mwenzake amefuata nini, halafu wakaanza kupanda kwenda juu. Mimi nilifuata nyuma kabisa, na pasi mkononi, sijui kwa nini.

Guka alikuwa kwenye kiti chake. Keyateka alimwamkia mara mbili. Akazunguka, akataja jua, akataja bei ya stima, mwishowe akafika. Aliomba Guka arudi kwa tangi. Si lazima wimbo mzima. Dakika chache kila jioni, anapuliza, tunajua maji yamefika wapi, basi. Mwenye mayai alisema habari ya mate wameisamehe.

Nilidhani Guka atafurahi. Alitazama povu likiteremka kwa shingo ya keyateka.

"Mimi si mita ya maji," akasema.

Keyateka akasema hapana, Guka, hakuna aliyesema hivyo. Guka akamuuliza ni nini basi alichosema. Akamuuliza kama katika miaka hii yote kuna mtu mmoja kwenye ploti aliyesikia alichokuwa anapiga. Mama alitazama beseni la mwenye mayai. Guka akachukua koneti, akaanza kuirudisha kwenye kasha, na niliona kwamba ikifungwa hapo, imefungwa na Jumamosi pia. Cucu alikuwa mlangoni anaona hivyo hivyo.

Sijui nilifikaje mbele. Nadhani walinipisha kwa sababu ya pasi, bado ilikuwa moto.

"Guka, mimi nilikuwa nasikiliza wimbo," nikasema.

Sauti yangu ilitoka ndogo sana. Guka akageuka. Nikaona nimeanza, na kuacha katikati kungekuwa aibu kubwa kuliko kumaliza.

"Ile Jumamosi kabla ya mkutano. Ulipitia kwa shangazi mara mbili."

Watu wote walikuwa wananitazama, na mwenye mayai alimnong'oneza mama akimuuliza ni shangazi gani huyo, na anaishi wapi.

"Mara ya pili sikuwa nimepanga," Guka akasema. "Nilikuwa nimesahau kofia."

"Nilijua," nikasema. "Ulikimbia."

"Nilikimbia," akasema, na akatoa koneti.

Hakufunua tangi. Alisimama pembeni ya paa akaelekeza koneti nje, kule mabati ya Ruiru yanakoishia na barabara ya Thika inakoanza kung'aa magari. Sauti za kwanza zilikuwa mbovu. Wiki ilikuwa imekaa kwenye midomo yake na ilisikika. Kisha ikashika, na akatoka nyumbani. Sijawahi kuisikia bila tangi. Haikuwa kwaya ya wanaume tena. Ilikuwa ni mtu mmoja tu, mwenye miaka yake, anatembea haraka. Keyateka alisahau povu mpaka likamkaukia.

Alifika kwa shangazi. Akanywa chai. Akaanza kurudi, na pale pa goli, akanyamaza.

Wote walidhani imeisha. Mwenye mayai akapiga makofi, mama naye, na Guka amesimama na koneti mdomoni, macho yamefungwa, anahesabu. Mimi nilijua ni nafasi ya nini. Nilikuwa nalo goli pale kooni, limejaa, limepanda mpaka kwenye meno, na watu walikuwa wengi, na wote nawajua. Halikutoka. Guka akamaliza kusubiri, akaingia tena peke yake, na akamaliza wimbo vizuri, na keyateka akamshika mkono kwa mkono wenye sabuni akasema sheria ya kelele ilihusu subwufa tu, yeye alikuwepo ikiandikwa. Lakini mimi nilikuwa nimeiona ile nafasi ikipita tupu.

Asubuhi ya leo nilikuwa nakunywa uji, nimevaa soksi moja, nilipomsikia ameanza. Mapema, ili midomo ipate siku nzima. Ploti ilikuwa inaamka: mtu anapiga mswaki, mtu anawasha pikipiki, mama anachemsha maji ya mablanketi. Nikaacha uji nikatoka kwenye ngazi. Nikamsikia anatoka nyumbani. Nikapanda ngazi moja, nikashika chuma cha pembeni kwa mikono yote miwili. Alikaa sana kwa shangazi, nadhani alikuwa anamuaga. Akaanza kurudi. Akafika pale, akanyamaza.

"Gooooool!" nikapiga kelele.

Ilitoka kubwa kuliko mimi. Pikipiki ilizimika. Mama alitoka na kijiko, keyateka akatoka, mwenye mayai akafungua dirisha akauliza ni nani amefunga. Nilisimama pale na soksi moja, uso unawaka, nikawaacha wanitazame. Na huko juu, bila kuchelewa hata kidogo, Guka aliingia nyumbani kabla mlango haujafungwa.